Kidole cha Bwana Arrieta

Mheshimiwa Mkurugenzi Bwana Marhoon, wakuu wa idara, wageni waalikwa, nanyi wenzangu wa chumba cha mafaili, mliopewa viti vya nyuma kama kawaida. Asalaam aleikum.

Nimeambiwa niseme machache ya kuaga, tena kwa Kiswahili badala ya Kiarabu, maana wengi humu ndicho tulicholelewa nacho. Mimi Rahila nimeajiriwa mkalimani wa Kispania hapa ofisi ya uvuvi ya Al Khuwair miaka kumi na sita. Kazi yenyewe nilifanya saba. Tisa iliyobaki nimepanga mafaili.

Mwaka wa tisini na saba alikuja mnunuzi wa samaki, Bwana Arrieta. Tukamwahidi kuwa ghala la barafu kule Yiti litakuwa tayari baada ya mwezi. Akajibu, "Sííí, hombre." Ndiyo, bwana. Lakini ndiyo ile aliivuta mpaka ikachoka, sauti ikaporomoka, na kidole kikashusha ngozi ya chini ya jicho. Kwao, sauti ile na kidole kile pamoja maana yake: mimi si wa kudanganywa. Nikamnong'oneza Mkurugenzi kwamba mgeni hajaamini hata kidogo. Mheshimiwa, unakumbuka ulivyonijibu?

"Bi Rahila, tafsiri ulimi. Kidole hakikuhusu."

Hakinihusu! Mama zetu wakituambia "kaeni, mna haraka gani?" huku wanakusanya vikombe, nani kati yetu hukaa kitako? Nawe umelelewa kwenye nyumba hizo hizo.

Muhtasari ukaandikwa: mgeni amekubali. Watu wa Yiti wakaambiwa wavue, wakavua kwa wingi. Ghala halikwisha, mgeni hakurudi, samaki wakaoza ufukweni. Ulipotafutwa wa kulaumiwa, faili la shughuli ile likaongezwa mstari mmoja: mkalimani alikosea. Faili hilo nimelipanga kwa mikono yangu miaka tisa, rafu ile ile. Linauma, msidhani haliumi.

Nimepewa saa ya ukutani na maneno matamu. Saa siitaki. Nnataka mstari ule ufutwe, leo, mbele ya hawa, nirudi kwangu na jina langu.

Naam, nakusikia, Mheshimiwa. "Inshallah, Bi Rahila, inshallaaah." Nimesikia ulivyoivuta. Na mkono naona ushashika ufunguo wa gari.

Basi wenzangu, mkalimani wenu hakukosea mwaka ule, na leo pia hakosei. Nawashukuru nyote, na nyinyi wa viti vya nyuma zaidi. Asanteni kwa kunisikiliza, na kwa kutazama.