Mwalimu Aliyefuta Tovuti Thelathini na Moja

Ndugu, jamaa na majirani, na ninyi walimu mliojaza safu zote za nyuma kana kwamba leo ni siku ya mtihani, familia imenikabidhi mimi, kaka yake mkubwa, niyasome maisha ya dada yetu, nami nitayasoma polepole, kwa kuwa yeye mwenyewe hakupenda mtu asomaye kwa pupa.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha matofali, akiwa mtoto wa nne kati ya sita wa baba mpiga chapa na mama mkunga, akaanza darasa la kwanza Januari 1964, kisha akaingia chuo cha ualimu na kuhitimu tarehe 2 Desemba 1977, akiwa wa pili, jambo ambalo hakulisamehe hata uzeeni, maana aliyekuwa wa kwanza alimpita kwa alama moja ya ushonaji.

Alifundisha jiografia kwa miaka ishirini na sita. Tarehe 20 Agosti 1983 alifunga ndoa na shemeji yetu, fundi seremala, mtu wa maneno machache na misumari mingi, Mwenyezi Mungu akawajalia watoto watatu, nesi aliyezaliwa mwaka 1985, dereva wa lori wa mwaka 1988, na kitindamimba wa mwaka 1992 ambaye naye ni mwalimu, pamoja na wajukuu watano.

Mwezi Juni 2004 alihamishiwa kituo cha walimu, akapewa chumba chenye kompyuta kumi na mbili zilizofunikwa mashuka, akajifundisha mwenyewe kutengeneza tovuti, na mwaka 2009 akaanza kuwafundisha walimu wa shule tisa za jirani kutengeneza tovuti za madarasa yao, ili mwanafunzi aliyelazwa hospitali, au asiye na kitabu, asome somo la siku ile kwenye simu ya mzazi wake.

Na kwa kuwa historia ya mtu isiyotaja kosa lake ni nusu ya historia, sitalificha lake, ambalo alilisimulia mwenyewe mara nyingi, kwamba alikuwa na haraka ya mikono, mwalimu akikwama kidogo yeye husema, “Hebu sogea, kaka, nikufanyie,” na mwalimu husogea, tena kwa furaha, akaenda zake kunywa chai, hata ikapita miaka minne zikawapo tovuti thelathini na moja, zote nzuri, zote za mkono mmoja.

Tarehe 4 Februari 2013 figo zilimlaza, akarudi kazini tarehe 6 Mei, na Ijumaa ya juma hilo, katika mkutano wa wazazi, mama mmoja mshonaji akasimama akamuuliza, “Mwalimu, hili zoezi la Januari kwenye tovuti tutalifanya mpaka lini, mwanangu keshalijua kuliko jina langu,” watu wakacheka, naye akacheka, lakini jioni hiyo hakugusa chakula, akamwambia mumewe kwamba wahenga walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini, “na maskini hawa nimewafanya mimi, baba, nami figo zangu hazina miaka mingi.”

Akawapa walimu wiki nne wanakili masomo yao kwenye madaftari, na Jumamosi tarehe 8 Juni akazifuta tovuti zote mbele ya macho yao, moja baada ya moja, mwalimu wa hesabu aliyeitwa Mzee Kipeo akamwambia, “Dada, umetubomolea nyumba na mvua inanyesha,” naye akajibu, “Nyumba ilikuwa yangu, kaka, wewe ulikuwa mpangaji.” Mkuu wa kituo akamtaka ajieleze kwa maandishi, naye akaandika ukurasa mmoja, kwamba kama hadi tarehe 30 Novemba tovuti zilizotengenezwa na wenye madarasa hazitafika ishirini, atarudisha ufunguo wa chumba na kuacha kazi hiyo.

Tangu hapo alisimama nyuma ya viti vyao, mikono ameifunga mgongoni, mara mbili kwa wiki akitoka moja kwa moja kusafishwa damu, plasta ikiwa bado mkononi, na Mzee Kipeo alipomsihi, “Bonyeza wewe mara moja tu, nani atajua,” alisema, “Utajua wewe.” Siku ya mwisho ilifika zikiwa kumi na tisa, na saa nane mchana ikafunguka ya ishirini, ya Mzee Kipeo, maandishi mekundu juu ya kijani kibichi, pembetatu imelala kichwa chini, marehemu akacheka hata akakaa kitako, akasema, “Mbaya hii, kaka, lakini ni yako.”

Alistaafu tarehe 14 Machi 2017, akiacha tovuti arobaini na saba, na hakuna hata moja ambayo yeye alilijua neno lake la siri, fahari ambayo hakuificha. Alipozidiwa mwezi uliopita aliwaagiza walimu wasifunge madarasa yao kwa ajili yake, akafariki Alhamisi tarehe 12 Oktoba 2023, saa kumi na moja alfajiri, mumewe na watoto wakiwa kando yake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa miaka kumi, majirani waliompeleka na kumrudisha bila kuchoka, na wafanyakazi wenzake wa kituo, akiwamo mkuu yule wa zamani, ambaye ndiye aliyeniomba nisome habari ya ule ukurasa alioandikiwa na marehemu. Kwenu walimu sina shukrani inayotosha, ila ushahidi, kwamba jana Jumatatu nilikaa na shemeji tukazifungua tovuti zenu zote kwenye simu, na katika kila moja tulikuta zoezi jipya la tarehe 16 Oktoba.

Elimu ni amana, dada, nawe umeifikisha kwa wenyewe. Pumzika kwa amani ya mtu aliyemaliza kazi yake.