Shaba Isiyotoka Kwenye Waya

Ndugu, majirani na marafiki, tumeombwa tusome maisha ya mpendwa wetu kabla hatujaondoka naye hapa, na tutayasoma kama yalivyo, pamoja na tulipokosea, kwa kuwa Mungu anayajua tayari.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kama Koili kuliko kwa jina la ubatizo, alizaliwa alfajiri ya tarehe 11 Machi 1986, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa mtoto wa pili kati ya watatu wa mama huyu aliyekaa mbele yenu, na wa baba aliyetangulia mwaka 2009.

Alisoma shule ya msingi iliyo kando ya reli kuanzia Januari 1994, kisha sekondari hadi mwishoni mwa 2004, ambako alijulikana kwa jambo moja, kwamba aliifungua feni ya ofisi ya mwalimu mkuu bila kuombwa na mtu, akaitengeneza, ikawaka, ila ikawa inazunguka kinyumenyume, na mwalimu mkuu akasema mbele ya shule nzima, "Huyu ama atakuwa fundi, ama atatuua." Matokeo yake ya mtihani wa mwisho alikuwa hapendi yatajwe mbele za watu, na hatutayataja.

Tarehe 14 Juni 2004, akiwa bado shuleni, alifiwa na dada yake mkubwa, aliyekuwa na miaka ishirini, na ni yeye aliyesimama kusoma historia ya dada kwa sababu sauti yake ilifika hadi nyuma, akasoma kama wakubwa walivyoandika, kwamba dada aliugua kwa muda mfupi, ingawa nyumba nzima ilijua kuwa macho ya dada yalikuwa ya njano tangu mwaka uliotangulia.

Februari 2005 aliingia karakana ya kusuka mota iliyo mkabala na maegesho ya malori, chini ya fundi mkuu ambaye tuko naye hapa, akaanza kwa kufagia na kung'oa nyaya zilizoungua, akapanda hadi kuachiwa mota za pampu na za mashine za kusaga, kazi iliyompa jina la Koili, ya kuzungusha waya mwembamba wa shaba, kuupanga kwenye mifereji ya mota, kuukinga kwa karatasi ngumu na kuumwagia vanishi, na harufu ya vanishi hiyo ilimfuata hadi kanisani, hata aliyefumba macho kusali alijua Koili ameketi benchi gani.

Mkewe alimpata karakanani, binti huyo alipopeleka mota ya cherehani ya mama yake mzazi, ambayo marehemu alikiri baadaye kwamba ilipona siku ya pili, ila aliizuia mwezi mzima ili mwenye mota aendelee kuja kuulizia. Walifunga ndoa tarehe 10 Disemba 2011, na Mungu akawajalia watoto wawili, wa kike aliyezaliwa 2013 na wa kiume aliyezaliwa 2016.

Kuhusu ugonjwa, familia imekubaliana sehemu hii isomwe yote.

Katikati ya mwaka 2020 mkono wake wa kulia ulianza kutetemeka, waya ukawa haukai kwenye mfereji, na wenzake wakamtania, "Koili, leo umeamka na chupa?" naye, ambaye hakuwahi kuonja pombe, akawajibu, "Ya vanishi," wakacheka, akacheka nao. Miguu ikavimba, macho yakabadilika rangi, na tarehe 6 Julai 2021 daktari alimmulika macho, akaona duara la kahawia kuzunguka mboni, akapima damu na mkojo, akasema ini limejaa shaba.

Hapo ndipo tulipokosea. Tuliposikia shaba, wote tulitikisa kichwa, maana nani asiyejua kazi ya Koili, tukaona tumeelewa, na maneno mengine ya daktari hayakupata pa kuingilia. Marehemu aliacha karakana aliyoipenda, mama akatoa nyumbani kila kipande cha waya hadi ule uliofungia mlango wa banda la kuku, na sisi wengine tukalala usingizi wetu, kwa kuwa hatukuwa mafundi mota.

Ilipita karibu miaka miwili. Februari 2023 mdogo wake wa kike, ambaye ni fundi cherehani, alimsindikiza kliniki, na daktari akamuuliza kama yeye amekwisha kupimwa, akajibu, "Mimi nashona nguo, daktari, waya ninaoujua ni wa kuanikia."

Daktari hakucheka. Alivuta kiti akaeleza upya, nasi tunaeleza kama tulivyoshika, tukikosea atusamehe, kwamba shaba hiyo haitoki kwenye waya, inatoka kwenye chakula, nayo kila mtu anaila, ila ini lina vilango vidogo visivyoonekana kwa macho, vya kupitisha chumvi na madini, na kilango cha kutolea shaba iliyozidi kwa marehemu kilikuwa kibovu tangu tumboni mwa mama, hivyo shaba ikalundikana, ikawa inaliunguza ini taratibu kama kutu inavyokula bati, seli zikashindwa kutawala chumvi na maji yake, zikavimba, zikafa, na shaba iliyobaki ikapanda hadi kwenye ubongo. Akasema ni ugonjwa wa kuzaliwa nao, ndugu wa tumbo moja wanaweza kuwa nao bila kujua, na anayewahi vidonge anaishi.

Marehemu akasema, "Dada," maana alikumbuka macho yale ya njano.

Tangu siku hiyo hakuulizia ini lake tena, aliulizia la mdogo wake. Mdogo wake aliogopa, na mama naye alisema bora asijue, kwamba Mungu hawezi kumchukulia wote. Ulimi wa marehemu ulikuwa umekwisha kuwa mzito, na kila alipomwambia mdogo wake aende, huyo alijibu, "Kaka, sikusikii vizuri," hadi mkewe, aliyekuwa akikunja shuka, akasema bila kugeuka, "Wifi, amesema nenda ukapime, na umesikia."

Alikwenda tarehe 17 Aprili. Majibu yalikuja kwamba anao, ila ini lake bado ni zima, na marehemu alipoambiwa alisema, "Vizuri," neno ambalo mama hakulielewa wakati ule, na hatuna hakika kama amelielewa sasa.

Kwake yeye dawa zilichelewa. Tarehe 2 Agosti 2023, saa nne asubuhi, alitapika damu, akafikishwa hospitali akiwa na fahamu, akamuuliza mdogo wake kama amemeza vidonge alivyoandikiwa, naye akamjibu bado, kwa sababu ya haraka ya asubuhi. Marehemu akamtazama hadi mdogo wake akaomba maji ya kumezea. Alifariki saa nane mchana, akiwa na umri wa miaka thelathini na saba.

Tunamshukuru daktari aliyerudia maelezo bila kutukaripia, wauguzi wa wodi ya wanaume, fundi mkuu na karakana yote waliofunga kazi leo, na majirani waliolala nasi sebuleni. Watoto wa marehemu watapelekwa kupimwa Jumatatu, na mama ameridhia. Mdogo wake hakuweza kusimama kusema, ameomba tu isomwe kwamba leo, kabla ya kula chochote, amemeza.

Kapumzike, Koili, na amani ya Mungu ikulaze.