Bi Kuruthumu wa Foleni ya Bomani

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo huko mliko. Sogezeni redio karibu. Leo tunamkumbuka Bi Kuruthumu Abdurahmani, msukaji wa mikeka wa Tarime. Alifariki Alhamisi iliyopita, akiwa na miaka sitini na miwili. Alifariki peke yake.

Narudia, peke yake. Na mtashangaa, maana mwanamke huyo hakushinda nyumbani hata siku moja.

Alikuja Tarime na mumewe, Sadick, fundi seremala. Watoto hawakujaliwa. Sadick alipofariki mwaka sabini na tano, nyumba ilimshinda. Dada yake, Bi Sophia wa Mugumu, anatuambia: "Alisema, dada, nikisuka ndani nasikia ukili unavyokwaruza, basi. Sisikii kingine."

Akabeba ukindu wake, akaenda kukaa Bomani, barazani kwa duka la ushirika. Mkeka ungesukika hata kitandani, lakini yeye alitaka watu wapite, huyu akohoe, yule acheke. Watu waliongea Kikurya, wengine Kijaluo. Yeye aliambulia neno moja moja, akaridhika.

Halafu ikaja miaka hii ya baada ya vita. Sukari kwa foleni, sabuni kwa foleni, khanga kwa foleni. Sisi tulinung'unika. Bi Kuruthumu, Mungu amsamehe, alifurahi. Foleni ya muda wa saa sita! Akajipenyeza katikati, akawa anasuka humo humo. Wanawake walimtania: "Mama, sukari yote hiyo ya nini, na huna wa kumkorogea chai?" Akajibu, "Mimi nimekuja kukaa tu, wanangu."

Lakini mnajua wenyewe tulivyo. Jua likichoma, na shamba la kijiji linangoja, mtu anaweka jiwe mahali pake, anaenda zake. Wa pili naye anaweka jiwe. Bi Rispa Adoyo, jirani yake wa nyumba ya tatu, anakumbuka: "Tulimwambia, mama, wewe si upo, tuangalizie mawe yetu. Akasema haya. Tulimwamini sana."

Waliona wamempa heshima. Baada ya mwezi mmoja foleni nzima ilikuwa mawe matupu, na Bi Kuruthumu katikati yake, anasuka. Bwana Heche, muuza duka, alimsikia siku moja akiyasalimia kwa majina ya wenyewe: wewe Rispa, wewe Mama Mseti. Heche alicheka. Leo anaona aibu kusimulia.

Jumatatu ya wiki iliyopita Bi Kuruthumu hakuja. Bi Rispa alifika asubuhi, akakuta nafasi ya mama iko wazi. Akafanya nini? Akaokota jiwe, akamwekea. Alifanya kwa moyo mweupe kabisa. Wenzake wakasema vizuri, mama asije akakosa sukari. Jumanne, wa mbele wawili walipokata tamaa na kuondoa mawe yao, wakalisogeza mbele. Jumatano wakalisogeza tena. Alhamisi vilevile. Hakuna aliyemwibia nafasi yake, na hakuna aliyemwendea kubisha hodi.

Sukari ilifika Ijumaa. Jiwe lake lilikuwa la pili. Bwana Heche akaita jina lake mara mbili. Ndipo Bi Rispa akachukua kilo ya mama, akampelekea. Mlango ulikuwa umeegeshwa tu. Malaria, walisema. Alikuwa amekufa tangu jana yake.

Nilimuuliza Bi Rispa kama nyumba ile iko mbali. Akalia. "Nilipita mlangoni kwake kila asubuhi," akasema, "nikienda kusogeza lile jiwe."

Wasikilizaji wapendwa, wahenga walisema upweke ni uvundo. Yupo mtu unayemwona kila siku kazini kwake, unamsalimu, unapita, unadhani unamjua. Mtafakari huyo. Kwa Bi Kuruthumu sisi tumechelewa, na sina neno la kulitengeneza hilo.

Bi Sophia, na ndugu wote wa Mugumu, poleni sana. Mwenyezi Mungu amrehemu marehemu. Ulituomba jambo moja, Bi Sophia: tukutafutie mtu aliyekuwa akikaa na dada yako, umshukuru. Tumeuliza Bomani yote. Wote wanamjua, wote wanamsifu. Mtu huyo hatukumpata.