Mota ya Mama Iliyokwenda Maneromango

Mimi ni Aneth, binti wa kwanza wa marehemu. Padri ameniomba nisome wasifu huu bila kulalamika. Nitajitahidi.

Marehemu Mzee Gregori Rwegasira alizaliwa tarehe 3 Novemba 1954, Muleba, mkoani Kagera, na huko huko alimaliza darasa la saba mwaka 1969.

Mwaka 1978 alihamia Kisarawe, akaajiriwa kwenye karakana moja ya ushonaji kama fundi wa cherehani. Alizipenda zile kuukuu za miguu. Alichomoa kipuri kwenye hii akakipachika kwenye ile, mpaka mashine iliyokwishatupwa ikashona tena. Mwaka 1992 alifungua kibanda chake Maili Moja, Kibaha, na kazi yake kubwa ikawa kufunga mota kwenye cherehani za miguu ili watu wapumzike kukanyaga.

Alifunga ndoa na mama yetu, Adventina, tarehe 11 Juni 1983. Alimzawadia cherehani nyeusi ya miguu, na ahadi ya kuifungia mota. Hapo ndipo shida ilipoanzia. Kila mteja aliyeharibikiwa kipuri, marehemu alimtolea cha mama. Shato, kile kidude cha uzi wa chini, lilikwenda mtaa wa Kwa Mathias, mkanda ukaenda mtaa wa Picha ya Ndege. Mama akiuliza, jibu lilikuwa lile lile: "Nimeazimisha tu, mama Aneth. Wiki ijayo narudisha." Sisi watoto wa fundi cherehani tulishonewa sare za shule na majirani. Jamani, jambo hili linaniudhi mpaka leo.

Mwaka jana alituaga kwamba anakwenda kununua mota ya mama. Akarudi mikono mitupu, akasema zimeisha dukani. Ukweli tumeujua juzi, hapa hapa msibani, alipofika Bi Mwanajuma kutoka Maneromango, Kisarawe. Goti lake lilikuwa limekataa kukanyaga cherehani, na ushonaji ndio kazi yake. Alimshika mama mkono, akamshukuru kwa kukubali mota aliyonunuliwa na marehemu apewe yeye. Mama hakuwa na habari yoyote. Alimjibu tu, "Karibu, dada."

Januari mwaka huu marehemu alipata kiharusi, mkono wa kulia ukapooza. Hata hivyo alikaa kibandani akimwelekeza fundi mwenzake, Hussen, kwa mkono wa kushoto, afunge mota za watu. Za watu. Alifariki dunia hospitalini, Jumapili tarehe 9 Machi 2025, saa nne asubuhi.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano, na cherehani moja nyeusi isiyo na shato, mkanda wala mota. Jana Hussen alijitolea kuikamilisha, bila masharti. Mama alimkatalia.

"Iache hivyo hivyo, mwanangu," alisema. "Mkishaitengeneza, mimi nitabaki namgombeza nani?"

Mungu aupumzishe mkono wake, na roho yake ikae kwa amani.