Mzee wa Lango Hafi

Dada: Haloo? Nani mwenzangu?

Kinyozi: Mimi, mdogo wako. Umefuta namba yangu?

Dada: Simu nimeibana begani, jina silioni. Nashona. Hujambo?

Kinyozi: Sijambo. Shikamoo.

Dada: Marahaba. Leo salamu imekuja mwishoni. Saa nne hii huna wateja?

Kinyozi: Ninaye mmoja kitini, nimemnyoa nusu. Dada, baba amenipigia sasa hivi.

Dada: Amepigaje na bandeji machoni?

Kinyozi: Anasema alibonyeza namba moja mpaka ikaita.

Dada: Namba moja ni wewe? Mimi niko kwenye tatu. Haya, alitaka nini?

Kinyozi: Maoni yangu juu ya kitabu cha sita.

Dada: Kitabu kipi?

Kinyozi: Kipi tena? Ngome Saba. Si nilinunua nakala mbili, moja yangu, moja yenu? Unayomsomea tangu alipopasuliwa macho.

Dada: Aa. Hicho.

Kinyozi: Hicho. Nikamwambia ukweli wangu. Mwandishi ametuweka miaka minane, halafu anatupa kurasa mia na arobaini za jeshi linalotembea. Wanatembea, wanakula, wanalala, wanatembea. Kwenye kundi letu la wasomaji ni vita. Nusu wanasema mwandishi kaishiwa, nusu wanasema sisi ndio hatuna subira —

Dada: Wewe uko nusu ipi?

Kinyozi: Usinitoe njiani. Baba akasema hapana, mwanangu, hiki ni kitamu kuliko vyote vitano vilivyotangulia. Hasa pale Mzee wa Lango anapovuka mto na punda wawili.

Dada: Haloo? Unakatika.

Kinyozi: Sikatiki.

Dada: Huku kwangu unakatika.

Kinyozi: Dada. Mzee wa Lango hana punda.

Dada: Labda hukusoma vizuri.

Kinyozi: Hana punda kwa sababu hana uhai. Ameanguka ukutani ukurasa wa tisini na mbili, wamemzika tisini na nne, Malkia wa Chumvi kalia ukurasa mzima — ngoja. Ngoja, dada. Kaa kwanza, kaka. Kumbe na wewe unakisoma? Umefika wapi? Sitini? Pole sana. Nimeponyokwa. Kaka, kichwa kiko nusu, utatokaje hivyo?

Dada: Nani huyo?

Kinyozi: Mteja. Kaondoka na kitambaa changu shingoni.

Dada: Mfuate basi.

Kinyozi: Atarudi. Mtu mwenye nywele upande mmoja hafiki mbali. Nieleze habari ya punda.

Dada: (cherehani inasimama) Ilikuwa Jumatatu, wiki ya tatu sasa. Baba kalala chali, mikono kifuani, anasikiliza. Unajua anavyompenda yule mzee. Tangu kitabu cha kwanza anasema huyu ndiye mtu pekee humu mwenye kazi inayoeleweka. Mara naona mstari wa chini, mzee anateleza. Mdomo ukakataa.

Kinyozi: Ukafanyaje?

Dada: Nikamshikisha kamba.

Kinyozi: Kamba gani?

Dada: Ilikuwa ukutani.

Kinyozi: Haikuwa ukutani, dada.

Dada: Sasa ipo. Nilidhani ni siku moja tu, baba akipata nguvu nitamwua taratibu. Daktari naye akaongeza bandeji wiki tatu, akasema na moyo wake usishtuliwe. Kila asubuhi baba anaamka, hata uso hajanawa, ananiuliza, "Mzee wangu kaamkaje?" Ungejibu nini wewe?

Kinyozi: Kwa hiyo wiki zote hizi —

Dada: Natunga. Nimemvusha mito mitatu. Nimempiganisha na majoka. Jana nikakosa la kusema, nikamwoza.

Kinyozi: Umemwoza nani?

Dada: Mpishi wa ngome.

Kinyozi: Mpishi alikufa kitabu cha nne.

Dada: Ndiyo maana baba alinyamaza muda mrefu vile.

Kinyozi: (anacheka) Dada yangu wewe.

Dada: Cheka. Mimi nashona sare za shule, si mwandishi. Natia kola, kichwani nina joka. Juzi nimetoa shati lenye mikono miwili upande mmoja. Mwenyewe kalivaa mbele yangu, tukatazamana. Ningekuwa na mtu wa kupokezana naye —

Kinyozi: Kazi, dada.

Dada: Najua. Kazi. Tangu mwaka juzi.

Kinyozi: Lakini kitabu ni kitabu. Bandeji ikitoka atataka kusoma mwenyewe. Mwambie ukweli.

Dada: Vizuri. Umwambie wewe. Niko mlangoni kwake.

Kinyozi: Dada, usi —

Dada: Baba, mwanao huyu, anataka kukupa maoni zaidi. Mimi naanua nguo.

Baba: Haloo.

Kinyozi: Shikamoo, baba.

Baba: Marahaba. Ngoja kidogo. (kimya) Haya, ndala zake nazisikia uani. Niambie. Mzee alikufa ukurasa wa ngapi?

Kinyozi: Baba?

Baba: Nimefanya kazi kiwanda cha kuchapa miaka thelathini na mmoja. Karatasi ikigeuzwa naijua kama nilivyokijua kikohozi cha marehemu mama yenu. Dada yako hajageuza hata moja, wiki ya tatu hii.

Kinyozi: Tisini na mbili.

Baba: Alikufa vizuri?

Kinyozi: Aliteleza tu, baba. Kwenye kundi wengi hawakupenda, walitaka afe vitani. Mimi nilipenda. Alikuwa anakagua komeo.

Baba: Akiwa kazini. Sawa. Basi dada yako asijue kwamba najua. Ila kama msomaji nina malalamiko.

Kinyozi: Sema, baba.

Baba: Anamchosha yule mzee. Mito, majoka, sasa na ndoa. Kwa goti lile bovu? Mdokezee kwa upole, ampe kiti pale langoni, akae aangalie wanaopita. Si lazima afe. Lakini si lazima kila siku avuke mto.

Kinyozi: Nitamwambia kama wazo langu.

Baba: Na asubuhi ananizungusha uani mara kumi. Apunguze ziwe tano. Hilo si la kitabuni.

Kinyozi: Nimekusikia.

Baba: (mtandao unakwaruza) — mwanawe?

Kinyozi: Sema tena, baba, hukusikika.

Baba: Mtoto wa yule mzee. Aliyekwenda kutafuta kazi ngome ya kaskazini. Dada yako nikimuuliza habari zake anahamia kwa punda. Kwenye kitabu chako anarudi?

Kinyozi: Anarudi.

Baba: Ukurasa wa ngapi?

Kinyozi: Mia mbili na kumi.

Baba: Wameshamzika baba yake.

Kinyozi: Ndiyo.

Baba: Mwandishi naye ana haki yake. Simlaumu. Njia ni ndefu, na kijana ana kazi zake.

Kinyozi: Baba.

Baba: Nipo.

Kinyozi: Anarudi Ijumaa.

Baba: Ijumaa ni ukurasa gani?

Kinyozi: Basi la saa mbili asubuhi. Duka nitalifunga Alhamisi jioni.

Baba: Kwenye kundi lenu watasema hilo halikuandikwa.

Kinyozi: Waseme. Baba, salio linaniishia, nakuaga kabisa —

Baba: Haya, haya, mwanangu. Uje na mashine yako. Nywele zimenifika masikioni, na dada yako alipojaribu na mkasi wa vitambaa aliniacha kama —

(Simu imekatika.)