Wasifu wa Marehemu Bonifasi Barutwanayo, Fundi Aliyetaka Pedalie ya Husni

Bonifasi Barutwanayo alizaliwa tarehe 14 Machi 1988 huko Giteranyi, Muyinga, mtoto wa mwisho wa mzee Anatoli na mama Lucia, ambao wote wawili wametangulia mbele za haki. Mama alikuwa akisema kwamba Boni hajui kama ameshiba mpaka achungulie sahani ya mwenzake. Familia imekubaliana isilifiche jambo hilo hapa kaburini, maana hakuna aliyemjua asiyelijua. Marehemu alikuwa na wivu. Alikuwa na moyo mwema pia, lakini wivu ndio uliokuwa ukitoka kwanza kumpokea mgeni.

Mwishoni mwa mwaka 1993 familia ilikimbilia Ngara, Tanzania. Dada yake Letisia, anayewasomea maneno haya, ndiye aliyembeba mgongoni. Marehemu alisoma shule ya msingi katika kambi ya Lukole, na mwaka wake wa mwisho alishika nafasi ya pili. Aliyeshika ya kwanza hakusalimiwa likizo nzima.

Walirudi nyumbani mwaka 2005. Bonifasi alianza kazi ya kusafirisha mizigo kwa baiskeli kutoka mpakani Kobero, maharage akienda na chumvi akirudi, na baiskeli ilipoharibika njiani aliitengeneza mwenyewe, kwa hiyo ufundi ukamjia humo humo. Mwaka 2010 alihamia Gitega akafungua karakana ya baiskeli mtaa wa Musinzira. Hapo ndipo alipokutana na Husni, kijana wa familia ya wauza vipuri sokoni. Walianza kwa kubishana juu ya breki na wakaishia kuendesha pamoja kila Jumapili alasiri, Boni akitoka kanisani na Husni akitoka kwenye swala ya adhuhuri. Husni alikuwa mrefu mno, mwenye miguu isiyokwisha. Marehemu alikuwa mfupi. Kila mpando Husni alitangulia kufika juu, akasubiri, na huko kusubiriwa ndiko kulikomchoma Boni kuliko kushindwa kwenyewe.

Tarehe 21 Julai 2012 alifunga ndoa na Anisia, binti wa hapa hapa Giteranyi, naye akiwa amekulia Ngara. Katika picha za harusi bwana harusi amenuna, na wengi wamewahi kuuliza kwa nini. Ni kwa sababu Husni alipewa nafasi ya kucheza, na watu walipiga vigelegele.

Mwaka 2019 Husni aliletewa pedalie na binamu yake aliyeko Ubelgiji. Kwa wasiojua, pedalie ni ile mikono miwili inayobeba pedeli, pamoja na sahani za meno zinazovuta mnyororo. Hii ilikuwa ya kaboni, nyeusi, nyepesi kiasi cha kubebwa kwa vidole viwili, ya zile wanazotumia washindani wakubwa wa barabarani. Na nani wa kuifunga kama si fundi Bonifasi? Aliifunga mwenyewe, boliti kwa boliti, kwa ule ufunguo wenye mshale unaoonyesha umefika kiasi gani, kwa sababu kaboni ukiikaza kupita kiasi inapasuka. Alipomaliza aliizungusha bila mnyororo. Ikazunguka kimya, ikaendelea kuzunguka. Anisia anasema usiku ule mumewe hakula.

Tangu siku hiyo hakuzungumza jambo jingine. Alitaka pedalie kama ile ile, chapa ile ile, urefu ule ule wa mikono, na sahani ile ile kubwa ya mbele. Husni alijaribu kumwambia ukweli.

"We Boni, pima mguu yako kwanza," alimwambia. "Hii iko ya mguu mrefu. Vraiment, kweli we utaumia magoti."

"Unataka nipate ya kitoto ili uendelee kunipita," Bonifasi akamjibu.

Kila fundi anajua kwamba mkono wa pedalie unachaguliwa kwa kufuata mguu wa mwendeshaji. Ukiwa mrefu kuliko mguu, goti linapanda mno kila mzunguko na kiuno kinayumba. Na sahani kubwa ya mbele ni ya barabara za tambarare, au ya miguu kama ya Husni. Marehemu aliyajua haya kuliko wote. Hakuwahi kumuuzia mteja kitu kabla ya kumsimamisha ukutani na kumpima mguu kwa kamba. Yeye mwenyewe hakujipima. Wivu ndio uliomchagulia.

Pedalie ilifika mwaka 2021, na mabati ya jiko la Anisia, ambayo fedha yake ndiyo iliyoinunua, yakasubiri. Aliifuta kwa kitambaa laini kila jioni, akaifunika kwa kitenge ambacho mkewe alikuwa hajakivaa hata mara moja. "Wenzangu wanaletewa mke mwenza wa nyama na mifupa," Anisia aliwaambia wifi zake. "Mimi nimeletewa wa kaboni." Watu walicheka, lakini yeye hakuwa anacheka.

Kwa miaka mitatu marehemu aliteseka juu ya kile alichokitamani. Magoti yalivimba. Anisia alimkanda kwa maji ya moto, huku akimsema. Husni alimwomba abadilishe mikono ile aweke mifupi, na Boni akaapa mbele ya watu kwamba Husni anamwonea kijicho. Na kila Jumapili Husni aliendelea kumsubiri juu ya mpando.

Mwezi Mei 2024 madaktari wa Gitega walimkuta na uvimbe tumboni. Alitibiwa, akapungua, akapata nafuu kidogo. Husni alikuwa akija kumwona kila siku, na marehemu alimwonea wivu hata wa kupumua bila maumivu. Lazima isemwe pia kwamba Letisia naye aliona wivu. Alikuwa akisafiri kutoka Muyinga na chakula, akafika, akaulizwa swali moja tu: "Husni umempita njiani?"

Siku moja Husni alileta mikono mifupi na sahani ndogo ndani ya mfuko wa sokoni. Bonifasi akageukia ukutani. Ndipo Anisia alipochoka. Alichukua ufunguo wa karakana chini ya mto wa mumewe, akampa Husni, akamwambia, "Kaifunge. Akigomba, agombe na mimi."

Marehemu alipoiona baiskeli yake aligomba kweli. Halafu akaomba viatu.

Ilikuwa Jumapili, tarehe 16 Februari 2025. Walitoka polepole kwa njia ya Karuzi. Kwenye mpando wa kwanza miguu ya Boni ilizunguka myepesi, goti halikulalamika, kiuno kilitulia. Akamfikia Husni. Akampita. Akafika juu wa kwanza, akashuka, akasubiri, kwa mara ya kwanza katika maisha yake. Husni alipofika alimkuta analia.

"Uliniachia?" Boni akamuuliza.

"Wallahi, Boni, mi sikukuachia. Ulinipita kabisa."

Hakumwamini. Jioni ile alimuuliza Anisia kama rafiki yake ni mtu wa kuachia. Alimuuliza Husni tena hospitalini, na tena alipokuwa hawezi kuinua kichwa, na kila mara Husni aliapa vile vile. Afadhali Husni angemdanganya kwamba alimwachia, yaishe, maana swali hilo lilimuuma kuliko uvimbe.

Bonifasi alifariki alfajiri ya tarehe 9 Septemba 2025 huko Gitega, Anisia akiwa amemshika mkono. Aliacha ombi moja: azikwe nyumbani Giteranyi, na Husni asitangulie jeneza.

Jana gari lilimleta polepole kutoka Gitega, na Husni alilifuata kwa baiskeli njia nzima. Letisia alikuwa nyuma ya gari, karibu na jeneza, akamwona kwa macho yake. Kwenye mpando ule wa Karuzi gari lilizidiwa likawa linatambaa. Dereva alitoa mkono dirishani kumpa Husni njia apite. Husni alipunguza mwendo. Dereva akapunguza zaidi, na Husni akashuka, akaisukuma baiskeli akitembea, uso umelowa, mpaka juu. Leo sote tumejua jinsi Husni anavyoachia, kwamba akiachia kila mtu anaona. Kwa hiyo ile ya Februari, Boni, hukuachiwa.

Marehemu ameacha mjane, Anisia; watoto wawili, Prosper na Theodosia; dada yake Letisia, ambaye bado ana kinyongo kidogo; wateja wake wote wa Musinzira; na Husni, aliyesimama pale nyuma ya watu wote kwa sababu amekataa kusogea mbele.

Pumzika kwa amani, kaka. Umefika wa kwanza.