Kibaraza Tulichomhojia Mtoto

Mgeni rasmi,

Sisi wajumbe wa Kamati ya Ulinzi wa Mtoto, Mtaa wa Kisima cha Bibi, Temeke, tunakukaribisha kwa heshima. Desturi ingetutaka tutangulize mafanikio. Utuwie radhi: tutatanguliza jambo lililokuwa mbele ya macho yetu nasi hatukuliona.

Historia

Kamati iliundwa kwa mwongozo wa serikali, ikapewa muhuri, haikupewa chumba. Jirani mmoja alitufungulia kibaraza chake, akatutandikia jamvi, akatuchemshia chai ya tangawizi. Kwetu, anayekukirimu humtilii shaka. Mashauri yote tuliyasikilizia hapo.

Changamoto

Mwaka jana mwalimu alituletea binti wa miaka tisa aliyeacha ghafla kucheza na wenzake. Tutamwita Mwanabaraka, ingawa si jina lake. Bi Zubeda, mjumbe wetu, akamtania ili amchangamshe: "We si ndo kasuku wa mtaa? Leo vipi, mjukuu wangu?"

Mtoto akatazama pazia la mlangoni. Mwenye nyumba akatoka na sinia. "Kunywa chai, mwanangu, usiogope."

Hakunywa. Tukaamua kwamba hana tatizo, ana haya tu, tukamrudisha kwao, nyumba ya pili kutoka hapo.

Miezi kadhaa baadaye alilazwa hospitali. Huko ndiko alikomjibu Bi Zubeda: "Bibi, pale kwake mie ningesemaje?"

Shauri liko mahakamani, hivyo hatutaongeza neno juu ya mshtakiwa. Mwanabaraka anaishi kwa shangazi yake, Kunduchi. Mpaka leo hanywi chai.

Mafanikio

Chini ya kichwa hiki hatuna la kusoma.

Maombi

Sera unayoizindua leo inaelekeza mtoto asikilizwe mahali pa faragha na salama. Tumeisoma, tunaiunga mkono. Tunachoomba ni kwamba mahali hapo pawepo: chumba kimoja chenye mlango unaofungika, kisichokuwa fadhila ya mtu yeyote. Tunaomba pia afisa ustawi wa jamii wa kata yetu wenyewe; aliyepo anagawanywa kati ya kata kadhaa, na mtoto hawezi kungoja zamu.

Mwenyezi Mungu akuhifadhi wewe na watoto wako, na watoto wa mtaa huu awahifadhi pale sisi tusipofika.

Tangu wakati ule, kabla ya kumuuliza mtoto lolote, tunamuuliza kwanza angependa tukae wapi. Wengi hawana pa kututajia.

Ni sisi,
Kamati ya Ulinzi wa Mtoto,
Mtaa wa Kisima cha Bibi, Temeke